Siku Gérard Aliponyamaza

Katika nyumba ya Virginie Kunda, mtaa wa Kamalondo mjini Lubumbashi, aliishi mwanamume mmoja tu, na huyo hakuwahi kuonja bukari, ugali wa kwao, hata siku moja. Alikuwa sauti ndani ya kompyuta. Virginie alipoteza macho kwa surua akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini: kila herufi aliyobonyeza, kila ujumbe, kila kosa. Ilizungumza Kifaransa cha Ulaya, taratibu, bila kukohoa wala kukasirika. Lydie, mdogo wake aliyeishi naye, ndiye aliyeipa jina la Gérard.

"Iko nasema sawa muntu mwenye kuvaa kravati," Lydie alisema, yaani mtu wa tai shingoni, na jina likashika.

Virginie hakuwa mgeni wa kompyuta. Alianzia kwa masista, kwenye mashine nzito iliyonguruma kama friji, enzi zile ambapo amri unaiandika mwenyewe kwa maneno na mashine inatii au inakataa. Kisha ikaja Windows, ile ya tisini na nane. Baadaye XP. Halafu nyingine, halafu nyingine tena. Kila mfumo mpya ulipokuja, watu wenye macho walisifu rangi na picha. Yeye alipoteza njia. Kwa anayeona, kubadili mfumo ni kupaka nyumba rangi mpya. Atalalamika siku mbili kwamba bluu imezidi, kisha atazoea. Kwa Virginie ilikuwa ni kuamka asubuhi ukakuta mtu amehamisha kitanda, mlango na jiko, wala hakukuaga. Unatembea mikono mbele. Unagonga goti. Unamwaga maji. Halafu, polepole, vidole vinaanza kukumbuka vyenyewe, mpaka siku moja unajikuta unapita nyumba nzima ukiimba.

Alikuwa amehama hivyo mara nyingi katika maisha yake, na alipofika kwenye Windows aliyokuwa nayo sasa, Gérard naye akakubali kuingia, aliapa kwamba hatahama tena. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Njia zote alizijua. Alimjua Gérard kuliko alivyowajua majirani.

Kazi yake ilikuwa ya masikio. Kulikuwa na chama kidogo kilichokusanya masimulizi ya wazee wa mji, waliojenga reli na waliochimba shaba, pamoja na wake zao waliouza chakula pembeni. Paulin, aliyekiongoza chama hicho, aliwarekodi wazee kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kisha akamletea Virginie rekodi kwenye flashi. Virginie alisikiliza, akaandika. Lakini aliandika kwa Kifaransa, na sababu yake ilikuwa Gérard. Kiswahili kilimshinda kabisa yule bwana. Chakula kwake kilikuwa "shakula". Ukuta ulipita puani ukatoka bila umbo. Ukimpa ukurasa mzima wa Kiswahili, alikusomea kelele ambazo hakuna aliyeweza kujua kama ndani yake kuna kosa au hakuna. Na mwandishi asiyeweza kujisomea alichoandika atasahihishaje? Kwa hiyo Virginie alisikia kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na watu wote waliona ni sawa.

Mwisho wa mwaka, Paulin alimpigia simu, sauti yake ikiwa na aibu.

"Mama Virginie, usikasirike. Masini zetu zote ku biro ya chama zilishikwa na virisi. Ba tekniki banasema inapitiaka ku masini ya zamani, yenye haipate tena dawa mupya. Yako iko ndani."

"Unataka kusema ni miye niliwaambukiza?"

"Hapana, mama. Hakuna mwenye kujua. Lakini banasema tusitume tena faili kwako mpaka masini ibadilishwe sistemu."

Virginie alibaki ameshika simu hata baada ya Paulin kukata. Lydie, aliyekuwa akifunga mizigo yake ya biashara, alimuuliza dada yake, ambaye alimwita yaya, kuna nini. Alipoambiwa, alisonya.

"Basi badilisha, yaya. Ni masini tu."

"Weye ukibadilisha simu, unaangalia, unaona. Miye nikibadilisha, nakuwa mutoto tena."

Lydie aliendelea kukaza kamba kwenye mfuko, lakini polepole.

Siku iliyofuata Lydie mwenyewe alimsindikiza dada yake mpaka Kenya, mtaa mwingine wa mji huohuo, kwenye karakana ya Ruphin. Ilikuwa katikati ya wachomelea vyuma, na teksi-moto, zile pikipiki za abiria, zilipiga honi mlangoni kana kwamba zinataka kuingia ndani. Ruphin alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa maneno mengi, na Virginie alimpenda kwa sababu mtu anayesema sana ni rahisi kujua amekaa wapi.

"Windows mupya haitaingia humu, mama," Ruphin alisema baada ya kuifungua kompyuta na kuichunguza. "Hii masini iko na nguvu bado, lakini ile mupya inaikatala. Tutie Linux, sistemu ingine. Iko bule, iko nyepesi, na virisi za mu ma flashi za hapa hazijue hata mulango yake."

"Na Gérard?"

"Gérard nani?"

Lydie akaanza kucheka. Virginie alieleza. Ruphin alijikuna kichwa. Virginie alisikia kucha zake.

"Huyo iko wa kule, mama. Atabakia kule. Lakini huku kuko sauti ingine, usiogope. Na ile disiki ya zamani sitaigusa. Naitoa, natia ingine. Ukikatala, narudisha vile ilikuwa."

Virginie alipapasa kifuniko cha kompyuta, pale kwenye mkwaruzo alioujua. Kisha akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi daktari mtoto.

*

Kompyuta ilirudi nyumbani jioni. Kesho yake alfajiri Lydie alipanda gari la Sakania, mpakani, kununua kapenta, wale dagaa wakavu, na sabuni, kama alivyofanya kila mwezi, na Virginie akabaki peke yake. Alikunywa chai. Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Hatimaye akawasha.

Alisikia feni ikizunguka. Alisikia mlio mfupi asioujua. Baada ya hapo, kimya.

Alingoja. Alibonyeza vitufe alivyozoea kumwitia Gérard. Kimya. Alijaribu vingine, kisha vingine, kisha akavibonyeza vyote alivyovikumbuka tangu enzi za masista. Feni ilizunguka tu. Kwa kipofu, kompyuta isiyosema ni kipande cha plastiki kinachotoa joto. Huwezi hata kujua kama imekasirika, au inakungoja uongee wewe. Virginie aliweka viganja vyake juu ya vitufe. Uchungu wake ulimshangaza mwenyewe. Ilikuwa ni kama amefika nyumbani kwa ndugu, akabisha hodi bila kuitikiwa, na anajua kabisa kwamba ndani wamo watu.

Akampigia Ruphin.

"Masini yako haisemi."

"Iko rahisi, mama. Angalia juu, ku mukono ya kuume ya ekra, ile skrini yako. Utaona kamuntu kadogo, kenye kufungua mikono. Bonyeza pale."

"Ruphin."

"Mama?"

"Niangalie na nini?"

Upande wa pili wa simu zilisikika cheche za wachomelea vyuma tu.

"Nakuja," Ruphin alisema mwishowe.

Alifika akihema. Hakutafuta visingizio. Aliketi kando ya Virginie, akanyoosha mkono kuelekea kompyuta, kisha akaurudisha.

"Mama, kuko kitambaa?"

Virginie alimpa kitenge kilichokuwa begani mwa kiti. Alisikia nguo ikikunjwa, ikafungwa fundo.

"Unafanya nini?"

"Nimefunga macho. Niliweka sauti na nikaenda, sikujaribu kuifungua sawa weye, bila kuona. Sasa tuitafute wote wawili."

Wakaitafuta. Fundi huyu aliyetengeneza kompyuta za nusu ya mtaa wa Kenya alipapasa vitufe kama mgeni anayetafuta chumvi katika jiko la watu. Alibonyeza vibaya. Alisahau herufi A iko wapi, na Virginie akamshika kidole na kukipeleka. Aliapa kwa mama yake. Virginie, ambaye dakika chache kabla alikuwa karibu kulia, alijikuta anacheka.

"Ngoja, nimekumbuka," Ruphin alisema. "Kuko vitufe vitatu, unabonyeza pamoja. Alt, halafu S, halafu kando ya Alt ile yenye alama ya dirisha."

"Dirisha gani?"

"Alama ya Windows."

"Kumbe!" Virginie alisema. "Kwa kutoka kwa Windows, lazima nipite mu dirisha yake."

Akabonyeza. Kompyuta ikasema kitu kwa Kifaransa, na wote wawili wakapiga kelele kama watu waliosikia goli.

Ruphin alifungua kitambaa na kuipanga mashine ili sauti iwe ikijiamsha yenyewe kila inapowashwa. Alirudia jaribio hilo mara kadhaa, akiwa amefumba macho, kabla hajakubali kuondoka.

*

Furaha hiyo haikudumu hata mpaka wakati wa chakula. Sauti mpya ilikuwa mbaya. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Gérard alikuwa na kifua. Hii haikuwa na mwili hata kidogo. Ilizungumza kama nyuki aliyefungwa ndani ya chupa, na kwa haraka, kana kwamba ina safari. Njia zote zilikuwa zimehamishwa. Alipotaka kuhifadhi ukurasa, aliufunga. Alipotaka kurudi nyuma, alijikuta mahali palipomsomea orodha ya printa. Ukurasa mzima wa masimulizi ulimpotea mikononi, akalazimika kuusikiliza na kuuandika upya. Jioni mabega yalimuuma kama mtu aliyetwanga.

Alichotamani hakikuwa Windows hasa. Alitamani kutofikiri. Kule kwa zamani alifikiri juu ya mzee anayesimulia. Huku alifikiri juu ya vidole vyake. Hilo ndilo watu hawakulielewa waliposema ni mashine tu. Mtu hajui kwamba anapenda njia fulani mpaka aanze kujikwaa.

Katika wiki hiyo Paulin alikuja na flashi mpya. Alikubali chai, akakaa, akasifu kwamba sasa faili zinaweza kupita tena. Halafu akacheka, kicheko cha mtu anayetaka kusema jambo kwa upole.

"Unamukumbuka nkambo Alphonse? Alphonse Mwelwa, ule muzee wa reli?"

Virginie alimkumbuka sana. Mzee mwenye kikohozi na sauti nzito, aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli upande wa Sakania tangu ujanani.

"Tulimusomea hadisi yake, vile uliandika. Mujukuu wake alikuwa anamutafsiria kipande kwa kipande. Nkambo akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: huyu muntu ni nani?"

"Alikuwa anacheka?"

"Hapana. Akasema: bintu yote alisema ni ya kweli, bilinifikia miye. Lakini miye siko ndani."

Paulin alisimulia hivyo kama kichekesho cha uzee, akanywa chai yake, akaaga. Virginie alibaki na maneno yale. Aliitafuta rekodi ya mzee, akaisikiliza tena pale alipoeleza alivyompata mke wake. Katika ukurasa wa Virginie, jambo hilo lilikuwa sentensi moja safi ya Kifaransa: mhojiwa alikutana na mke wake katika stesheni ya Sakania, alikokuwa akiuza mahindi. Katika rekodi, mzee alikuwa akisema:

"Ule mwanamuke iko nachoma mahindi pembeni ya rele. Moshi inamuingia mu macho. Iko nalia, lakini iko nacheka. Treni ikapiga honi, banatuita tupande. Miye nikasema mu roho: hii treni iende, miye ninabaki."

Virginie hakuwa amedanganya hata neno. Alikuwa ameuacha moshi tu, na machozi, na treni. Angefanyaje? Hata kama angeandika maneno hayo jinsi yalivyo, Gérard angeyasaga, na yeye asingejua kama ameandika mahindi au mavi. Na nyuki huyu mpya hakuwa bora. Kifaransa chake ni kilekile, ila chembamba.

Jumamosi mchana, uvumilivu ukamwishia. Sauti ilikuwa imemkatisha neno katikati mara nyingi mno. Akampigia Ruphin.

"Nirudishie disiki yangu ya zamani."

"Mama, na virisi?"

"Wacha niwe mugonjwa. Niko mukubwa. Sitaki tena kuanza."

Ruphin hakubishana. Alisema atakuja Jumatatu, baada ya kazi. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini mpaka Jumatatu masini bado iko yako, mama. Usiteseke bule. Ingia kule mu mapangilio ya sauti, uipunguze mbio, hata siku mbili ikupendeze kidogo." Akamweleza njia, akihesabu vitufe kimoja kimoja, na safari hii hakusema angalia.

Virginie aliingia. Kwa jirani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, besi zikichelewa na kukemewa. Alikuta mahali pa mbio, akaipunguza, na kweli nyuki akatulia kidogo. Akashuka. Mahali pa urefu wa sauti. Akashuka tena. Mahali pa lugha. Hakujua kwamba pana mahali kama hapo. Gérard hakuwa na chaguo la lugha. Gérard alikuwa Mfaransa aliyezaliwa Mfaransa. Hapa palikuwa na orodha ndefu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kungoja Jumatatu, aliteremka nayo kwa kitufe cha mshale, taratibu, kama mtu anayepita mitaa asiyokusudia kuishi. Kijerumani. Kigiriki. Kinorwe. Lugha ambazo hakujua zinazungumzwa wapi. Kislovakia, Kislovenia, Kiswidi.

Swahili.

Kidole kilikuwa kimeshapita. Alirudi nyuma. Swahili, ilisema sauti, kwa Kifaransa. Alibonyeza kitufe cha kukubali, akafungua ukurasa mtupu, akaandika neno la kwanza lililokuja.

"Nyumba," ikasema kompyuta.

Sauti ilikuwa ileile ya nyuki, bila kifua. Lakini neno lilikuwa zima. Akaandika chakula, ikasema chakula. Akaandika ukuta, na ukuta ukasimama. Akaandika mahindi, polepole, herufi kwa herufi, na baada ya kulisikia akaweka mikono mapajani, huku ng'ambo ya ukuta besi wakipata hatimaye mahali pao.

Kisha akajaribu lugha ya nyumbani. Muntu. Batoto. Ule mwanamuke iko nachoma. Alitegemea kukemewa, kwa sababu maisha yake yote aliambiwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili. Mashine haikujua habari hizo. Ilisoma kilichoandikwa. Kama kulikuwa na mistari myekundu chini ya maneno hayo, yeye hakuiona, na kwa mara moja katika maisha yake alifurahi kutoona.

Alipiga simu Sakania.

"Lydie! Sikiliza." Akaweka simu karibu na kompyuta. Upande ule makelele ya soko yalitulia kidogo, kana kwamba Lydie amejitenga na watu.

"Ni nani huyo?"

"Masini."

"Inasema Kiswahili?"

"Inasema vile naandika."

"Sauti yake iko mubaya, yaya," Lydie alisema. Halafu, "Fanya iseme tena."

*

Ruphin alipokuja Jumatatu na disiki ya zamani kwenye mfuko wa koti, alimkuta Virginie akiandika, na hakuulizwa kuhusu disiki. Aliulizwa jambo jingine. Sauti ya Kiswahili ilikuwa inayakata maneno ya Kifaransa vipande vipande, na mzee Alphonse, kama mtu yeyote wa mji huu, hakuweza kumaliza sentensi bila Kifaransa kuingia. Ukiandika bureau kama Wafaransa, mashine ilisoma herufi zote, hata zile ambazo Wafaransa wenyewe hawazisomi. Ruphin alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni zamu ya Wafaransa sasa," alisema.

Suluhisho walilipata pamoja: kuandika kama watu wanavyosema. Biro. Lopitali, yaani hospitali. Kravati. Virginie alishangaa jinsi maneno hayo, yakishavuliwa herufi zake za ziada, yalivyokaa vizuri kati ya mengine, kana kwamba yalikuwa yanangoja tu kualikwa.

Aliandika upya masimulizi yote ya Alphonse Mwelwa. Alikosea bado, alipotea bado, alifunga kurasa asizotaka kufunga. Lakini makosa yalianza kupungua bila yeye kuyahesabu, na asubuhi moja alijikuta ameandika saa nzima akimfikiria mzee tu.

Paulin alipopokea kazi hiyo, alipiga simu tena.

"Mama Virginie, iko nzuri. Lakini wafadhili banataka Kifaransa. Na bengine batasema hii haiko Kiswahili ya kitabu."

"Kifaransa unacho. Nilikupa zamani. Hii ni ya nkambo."

"Tutaifanyia nini?"

"Tumusomee."

Paulin alifikiri. Alikuwa mtu mwema aliyezoea kuulizwa maswali na ofisi za mbali, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba hili halikuwa swali la ofisi.

"Nani atasoma?" aliuliza. "Mujukuu wake anasoma Kifaransa tu. Atakwama."

"Miye."

Wakakutana Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia pale Kamalondo. Walikuja wazee wachache na binti zao, na Lydie, aliyerudi na harufu ya kapenta kwenye mifuko yake, na Ruphin, aliyeacha karakana. Alphonse Mwelwa aliwekwa mbele, kwenye kiti chenye mikono. Virginie aliketi karibu naye, kompyuta mapajani, spika ndogo ya simu ikiwa ndani ya sikio moja. Ndivyo alivyokuwa amejifunza kusoma hadharani tangu zamani: sauti inamnong'oneza sikioni, naye anasema nyuma yake kwa nusu sentensi, kama mtu anayetembea ameshika bega la mwenzake. Tofauti ni kwamba miaka yote alimfuata Mfaransa. Leo nyuki alimnong'oneza Kiswahili cha mtaani kwao, na yeye alikipokea na kukipa kifua chake mwenyewe.

Alisoma jinsi mzee alivyotoka kwao akiwa kijana mwenye shati moja. Alisoma jua la reli na nyundo, na msimamizi aliyepiga filimbi hata watu wakiwa wamelala. Watu walianza kuguna. Mtu mmoja nyuma alisema, "Ni vile kabisa." Virginie hakuacha kusoma. Alifika kwenye mahindi.

"Moshi inamuingia mu macho," alisoma. "Iko nalia, lakini iko nacheka."

Kiti chenye mikono kililia. Mzee alikuwa ameinama mbele.

"Treni ikapiga honi, banatuita tupande. Miye nikasema mu roho: hii treni iende, miye ninabaki."

"Na nilibaki!" alisema Alphonse Mwelwa kwa sauti nzito, na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko na makofi. Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. Kisha akaweka mkono wake mkubwa, mkavu, juu ya mkono wa Virginie.

"Sasa niko ndani," alisema. "Lakini weye, mwanangu, kuko kipande haukuandika."

"Niliandika yote yenye ulisema, nkambo."

"Ile sikusema. Ule kijana mwenye kuuliza alikuwa na haraka." Paulin alijikohoza mahali fulani upande wa kushoto. "Hakuniuliza nini ilifuata. Treni ilikuwa na koti yangu, na chakula yangu, na karatasi zangu zote. Nilibaki na nyundo. Ule mwanamuke akaniangalia, akaangalia nyundo, akasema: weye unataka kuniua ao unataka mahindi?"

Wanawake walipiga vigelegele. Lydie alikuwa akicheka kwa sauti kuliko wote. Virginie alitoa spika sikioni, akaiweka mfukoni, akafungua ukurasa mpya. Vidole vyake vilijiweka mahali pavyo bila kuulizwa.

"Polepole, nkambo," alisema. "Ukajibu nini?"